Kijiko hakimo kwenye dodoso

Mhariri,

Kila tathmini ya watu wanaojidunga dawa za kulevya inapotangazwa, wasomaji hung'ang'ania idadi: wako wangapi? Mimi niliyewahi kuzunguka na dodoso mkononi nina ugomvi na swali jingine: "Katika siku 30 zilizopita, ulichangia sindano na mtu?"

Kijana mmoja alinijibu hapana, bila kusita. Nikaweka alama. Tulipomaliza, akaona sina haraka, akanieleza wanavyofanya. Wanachanga fedha, wananunua unga pamoja, wanauyeyusha kwenye kijiko kimoja, kisha kila mtu anavuta fungu lake kwa bomba lake la sindano, kupitia kipande kilekile cha pamba cha kuchujia. Bomba lililokwisha kutumika likichovywa humo, linaacha damu. Hakunidanganya, sindano ilikuwa yake kweli. Aliyekosea ni aliyetunga swali, nami niliyelisoma kama kasuku.

Hapo ndipo homa ya ini aina ya C inapopita. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kirusi chake kinaweza kudumu ndani ya bomba hadi siku 63. Basi mnaweza kugawa sindano, karatasi zikaonyesha kuchangia kumepungua, na maambukizi yakaendelea, kwa sababu hakuna aliyegawa vijiko, maji safi wala pamba.

Idadi ya kujidunga kwa siku nayo husahaulika. Shirika la Afya Duniani limelenga sindano 300 kwa kila anayejidunga kwa mwaka ifikapo 2030. Hiyo haifiki hata moja kwa siku! Katika kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani, ambako mlipuko wa VVU uligunduliwa mwaka 2015, watu walikuwa wakijidunga vidonge vya maumivu vilivyosagwa, baadhi yao mara nyingi kwa siku. Wengi waliokutwa na VVU walikuwa na homa ya ini C pia. Nani angejua mapema bila kuuliza?

Tena wapo wasiojidunga bali hudungwa. Wanawake wengi hudungwa na wenzi wao, mara nyingi baada ya mwenzi kumaliza zamu yake. Ukimuuliza "unajidunga?" atasema hapana, nawe utaondoka umeridhika. Hata mbinu ya kuponi, ambapo kila mshiriki huwaleta wenzake wachache, haimfikii kama mwenziwe hataki afikiwe.

Ninachoomba ni kidogo: dodoso lisichapwe kabla ya wanaojidunga kulipitia, na walipwe kwa kazi hiyo kama mtaalamu mwingine yeyote. Nilimuuliza yule kijana swali langu lingepaswa kuwaje. Hakufikiri sana.

"Uliza nani alivuta kwanza."

Mhoji mstaafu