Facebook ni bure, nyie laki nne na nusu ni ya nini?

Swali hilo sisi watengeneza tovuti tumeulizwa tena juzi, safari hii kwa hasira, na mteja anayeuza chakula cha kuku na dawa za mifugo. Tulimtengenezea tovuti yenye blogu na sehemu ya maoni. Akaja ofisini simu mkononi. Makala yake kuhusu mdondo, ugonjwa unaoua kuku, ilikuwa na maoni mawili tu kwenye tovuti, na moja lilikuwa la mganga anayerudisha wapenzi waliopotea. Makala hiyohiyo alipoibandika Facebook, kabla ya jua kuzama watu walikuwa wameshaandika maoni zaidi ya mia. Akatuambia tumemla hela na akataka nusu irudi.

Hatukurudisha. Na kwa kuwa malalamiko ya namna hii yanatufikia kila mara, bora tuyajibu hapa mara moja.

Tulikaa naye tukayasoma yale maoni yote, moja baada ya jingine. Zaidi ya nusu yalikuwa "asante sana daktari" (yeye si daktari), "bei gani?", "mko wapi?", "Mbeya mnatuma?" na vikatuni vya kucheka. Hayo si mabaya, "bei gani?" ni mteja. Lakini katikati kulikuwa na mfugaji aliyeandika kwamba alichanja kuku wake kwa maji ya kunywa na bado wakafa, akauliza kama chanjo ilikuwa feki. Mwenzake akamjibu vizuri kuliko makala yenyewe: ulitumia maji ya bomba, maji ya bomba yana klorini, klorini inaua chanjo hai, tumia maji ya kisima au ya mvua, na kama huna budi kutumia ya bomba, tia maziwa ya unga kwanza. Mwingine akaongeza kuwa kwa kuku wa kienyeji yeye hutumia chanjo ya mdondo iitwayo I-2, tone moja jichoni, anarudia kila baada ya miezi mitatu, na habari za maji hazimhusu.

Hapo ndipo palipokuwa na mali. Tukamwomba atafute jibu la aina hiyohiyo alilowahi kupewa kwenye ukurasa wake mwaka jana. Alitelezesha kidole mpaka akachoka. Tukaandika swali lilelile Google, kwa Kiswahili cha kawaida, kama atakavyoliandika mfugaji wa Njombe aliyeamka na kukuta kuku kumi chini. Posti yake haikutokea. Na ukitazama ukurasa wake utaona watu wanauliza jambo lilelile la chanjo kila mwezi, naye anajibu upya kila mwezi, siku akichoka hajibu.

Kwa hiyo ukituuliza kati ya blogu na mitandao ya kijamii, sisi tunauliza kwanza: mazungumzo hayo unataka yafanye kazi gani, na kwa muda gani? Gumzo la leo linafaa kukaa pale watu walipo leo, na watu wako Facebook, Instagram na WhatsApp. Jibu litakalohitajika mwakani liwekwe mahali panapoonekana mwakani, kwa anwani yake yenyewe, lisomwe na mtu ambaye si rafiki yako na wala hana akaunti. (Ule mfano kwamba Facebook ni nyumba ya kupanga na tovuti ni nyumba yako hatuutaji, kila anayeuza tovuti mjini anauimba.)

Mteja wetu tulimfanyia hivi: tukachukua yale maswali ya maana, tukawaomba ruhusa walioandika, tukayapanga chini ya makala kama maswali na majibu. Sasa mtu akimuuliza habari za chanjo na maji, anamtumia linki. Kazi hiyo imo kwenye bei yetu ya mwezi, tunaiita kuvuna. Ndiyo kazi wateja wanayoikata kwanza wakitaka kupunguziwa.

Sasa, kwa nini watu hawaandiki kwenye tovuti? Si kwamba tovuti ni mbovu. Wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii. MB za kawaida zikiisha, Facebook na WhatsApp zinafunguka, linki yako haifunguki. Msomaji anaona duara linazunguka, anarudi alikotoka, anakuuliza hukohuko. Jingine ni ile fomu inayodai barua pepe. Tanzania mtu anaweza kuwa na barua pepe aliyofunguliwa na muuza simu siku anayonunua simu, wala haikumbuki. Ndiyo maana fomu zetu zinaomba jina tu, maoni yanapita kwetu kabla ya kutoka, na chini yake tunaweka kitufe cha WhatsApp. Ukimpa kazi mtu anayebandika mandhari (muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari) aliyoinunua bila kuigusa, fomu itadai jina, barua pepe na anwani ya tovuti ya mchangiaji. Mfugaji wa Njombe atoe wapi anwani ya tovuti?

Wapo tunaowaambia wasitengeneze tovuti kabisa, na hili watu hawalitaji wakitusema. Alikuja dada anayeshona magauni ya sendoff na vitenge. Alikuwa na fedha taslimu kwenye bahasha. Mazungumzo yake yote na wateja ni picha: anabandika gauni, wanauliza rangi, wanauliza lini litakuwa tayari, wanahamia WhatsApp, wanatuma vipimo. Hakuna atakayetafuta mwakani kwa nini kola ya gauni lile ilikatwa vile. Tulimwambia abaki Instagram, fedha hizo anunue taa nzuri ya kupigia picha. Tukamtoza gharama ya kumwekea ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti tu, basi.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko zote ni "grupu la WhatsApp linatosha". Linatosha mpaka siku halitoshi. Zamani grupu lilikuwa na kikomo cha watu 256. Mwaka 2022 wakapandisha hadi 512, kisha 1,024 mwaka huohuo. Tuna wateja waliokuwa na magrupu manne ya kitu kimoja, namba moja mpaka namba nne, kila moja likiulizwa maswali yaleyale, na admini mmoja akinakili majibu usiku kutoka huku kwenda kule. Mgeni aliyeingia hakuona yaliyozungumzwa kabla yake. Chama kimoja cha wafugaji kilituletea kazi baada ya katibu wao kuibiwa simu stendi. Bekapu hakuwa nayo. Tukaanza kuokota kwenye simu za wanachama, huyu ana miezi sita, yule alifuta kwa sababu simu ilijaa, mwingine ana sauti tu. Ukitoa mazungumzo WhatsApp kwa faili, mazungumzo marefu hayatoki yote. Tulichowatoza kwa kuokota kilizidi bei ya tovuti waliyoikataa mwanzo kwamba ni ghali, na hata hivyo hatukupata yote. Walinuna. Tunawaelewa, lakini saa za kazi ni saa za kazi.

Na wale wa ukurasa wa Facebook uliofunguliwa na kijana wa ofisini kwa akaunti yake binafsi, halafu kijana akaacha kazi kwa ugomvi, tusiwahesabu. Hapo hatuna ufundi. Admini ni yeye. Tunachoweza ni kukuandikia barua ya kistaarabu umpelekee.

Kuna siku mitandao yenyewe inakata. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja karibu saa sita, dunia nzima, kwa hitilafu yao wenyewe ya ndani. Simu zetu hazikupumzika. Kila mtu alidhani akaunti yake imefungwa. Oktoba 2020, kuelekea uchaguzi, Twitter (sasa X) ilikuwa haifunguki hapa nchini bila VPN, programu ya kupitia njia nyingine mtandao unapofungwa. Mteja wetu mwenye wanunuzi wa vitenge Kampala alibaki anapiga simu mmoja mmoja Januari 2021, Facebook ilipofungwa Uganda, na wengi wao tangu hapo wanaingia kwa VPN. Aliyekuwa na orodha ya namba na tovuti yenye bei alipoteza kidogo. Aliyekuwa na ukurasa tu alipoteza mazungumzo na watu.

Tusidanganyane lakini: tovuti yako si kinga ya kila kitu. Walioanza zamani wanakumbuka zama za blogu, akina Ndesanjo Macha walipokuwa wanawafundisha Waswahili kublogu, na mpiga picha Issa Michuzi alipoanza yake mwaka 2005 ikawa gazeti la picha la Watanzania wa nyumbani na ughaibuni. Mijadala ilikuwa kwenye maoni, mirefu, yenye majina ya bandia na hoja za kweli. Kisha zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018. Leseni na ada zake ziliwashinda wengi, wakafunga. JamiiForums yenyewe, lile jukwaa kubwa la mijadala, ilisimama kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo kabla hatujakujengea jukwaa la habari au la mijadala ya wazi tunakutaka uende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize kama unachotaka kufanya kinahitaji leseni. Duka linaloeleza dawa za kuku si sawa na blogu ya siasa. Ila ukifungua maoni, yanayoandikwa pale yako kwenye mlango wako, na wa kuyaondoa ni wewe. Ndiyo maana hatuachi maoni yatoke bila kusomwa, na ndiyo maana kusomewa maoni kuna malipo.

Tukirudi kwenye bei. Laki nne na nusu ni kujenga, kupanga makala tano za kwanza, fomu ya maoni, na mafunzo ya nusu siku kwako na msaidizi wako. Baada ya hapo, laki moja na ishirini kwa mwaka ni jina la tovuti na seva, yaani kompyuta inayoiweka tovuti hewani (kuvuna kumo kwenye bei ya mwezi, mbali na hii). Seva tunalipia kwa dola. Dola ikipanda, sisi hatujapandisha tangu mwaka juzi, mtu asituambie tunajitajirisha. Mteja mmoja alisoma mahali kwamba ile kufuli ya usalama inayotokea juu ya anwani inapatikana bure, akaja kutushika uongo. Ni kweli ni bure, shirika la Let's Encrypt wanaitoa bure, na kwenye ankara yetu hakuna mstari wake. Tunalipwa kwa kuisimamia isiishe muda usiku wa Jumamosi, na kwa bekapu inayokwenda kwenye seva nyingine kila usiku, ambayo tunaijaribu kuirudisha. Bekapu isiyojaribiwa tumeiona kwa wenzetu: faili lipo, ukilifungua ndani hamna kitu.

"Mpwa wangu atanifanyia kwa elfu hamsini." Sawa. Mpwa atafungua blogu ya Blogger kwa barua pepe yake, na kwa kweli Blogger si mbaya, inakaa, ni ya Google, hailipiwi. Sisi wenyewe tumemwekea mwalimu mmoja mstaafu anayeandika historia ya kijiji chake, hatukumtoza zaidi ya nauli na soda. Shida ni barua pepe ya mpwa. Shida kubwa zaidi ni pale mpwa anaponunua jina la .com kwa jina lake, kwa kadi ya rafiki yake, halafu anakwenda chuo. Mwaka unaisha, ujumbe wa kulipia unakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua. Jina likishapita muda wa kulipiwa kawaida linaingia siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa faini, na faini hiyo inazidi mara kadhaa bei ya mwaka. Zikipita, linaachiwa. Kampuni moja ya usafirishaji ilikuja kwetu jina lake likiwa tayari linaonyesha matangazo ya kamari, na jina hilo limechorwa ubavuni mwa malori yake yote. Walimlipa fundi rangi zaidi ya ambavyo wangetulipa sisi kwa miaka kumi.

Kwa hiyo mkija, majina tunayaandikisha kwa jina la mwenye biashara, kwa barua pepe yake na namba iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tukigombana, unaondoka na kila kitu siku hiyohiyo. Ukituambia "andikeni kwenu tu, mimi sijui mambo hayo", tunakataa, na tunakusubiri uikumbuke paswedi yako hata ikichukua saa nzima.

Njoo na simu yenye WhatsApp ya biashara na chaji ya kutosha, maana kitu cha kwanza tutakachoomba ni kusoma maswali ambayo wateja wako wamekuuliza mwezi uliopita. Kama yote ni "bei gani?" na "mko wapi?", tutakwambia ubaki ulipo, na hatutozi kwa kukwambia hivyo. Jumamosi tunafunga saa saba.