Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya Yetu ya Maigizo

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi wa Jumuiya, na wageni waalikwa,

Assalaam alaykum.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena katika Mkutano Mkuu wa mwaka. Katiba yetu inamtaka Mwenyekiti aeleze mbele ya wanachama kazi zilizofanywa na Jumuiya katika mwaka uliomalizika, na kwa kuwa mwaka huu kazi ilikuwa moja tu, taarifa yangu itakaa humo humo. Masuala ya usajili yamekamilika, vibali vyote vya maonyesho tulivipata kwa wakati, na hesabu atazisoma Mshika Fedha baada yangu.

Kazi hiyo ni H.M.S. Pinafore, opereta ya Waingereza wawili, William Gilbert aliyetunga maneno na Arthur Sullivan aliyetunga muziki, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 25 Mei 1878. Opereta ni mchezo wa kuigiza ambao sehemu yake husemwa kama mazungumzo na sehemu kubwa huimbwa. Wapo wanachama waliouliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini jumuiya ya Unguja ihangaike na mchezo wa Waingereza wa zamani ilhali tungo zetu wenyewe hazijamalizwa kuchezwa. Nalirejea hapa jibu la Kamati ili liingie katika kumbukumbu.

Kwanza, Sullivan alifariki mwaka 1900 na Gilbert mwaka 1911, kwa hiyo haki zao zimekwisha muda na hatukudaiwa malipo yoyote. Mchezo mzima unafanyika juu ya sitaha ya meli moja, hiyo Pinafore yenyewe, na jukwaa halibadilishwi tangu mwanzo hadi mwisho. Tena una kundi kubwa la waitikiaji, wanaume na wanawake, jambo ambalo kwa jumuiya yenye wanachama wengi kuliko wahusika wakuu ni neema.

Pili, hadithi yenyewe. Baharia wa kawaida, Ralph, anampenda Josephine, binti wa Kapteni wake. Kapteni anataka binti yake aolewe na Sir Joseph Porter, mkuu wa jeshi lote la majini la Uingereza, mtu aliyeanza maisha kwa kung'arisha vitasa vya milango katika ofisi ya mwanasheria na akapanda hadi cheo hicho bila ya kuwahi kufanya kazi baharini. Mwishoni Buttercup, mama anayewauzia mabaharia vitu kutoka kwenye mashua yake, anakiri kuwa zamani, alipokuwa yaya, aliwachanganya watoto wawili: aliyekua akawa Kapteni ndiye aliyezaliwa mnyonge, na Ralph ndiye mwenye nasaba. Papo hapo vyeo vinabadilishana, na posa iliyokwama inakwamuka. Sikuona haja ya kumfasiria mtu yeyote wa visiwa hivi hadithi ya ndoa inayozuiliwa kwa sababu ya ukoo.

Katika kikao cha pili cha maandalizi palitolewa hoja kwamba tuihamishe meli, yaani badala ya kutia nanga Portsmouth, bandari ya Uingereza, kama alivyoandika Gilbert, itie nanga bandarini kwetu. Hoja ilikuwa nzito, kwa sababu katika mwaka ule ule wa 1878 meli ya kweli ya jeshi la majini la Uingereza, H.M.S. London, ilikuwa imelala mbele ya Mji Mkongwe. Ilikuja mwaka 1874, baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa, na kazi yake ilikuwa ni kuyafuatia majahazi yaliyobeba watumwa. Kapteni wake, Brownrigg, aliuawa katika kazi hiyo kwenye maji ya Pemba mwaka 1881. Mimi mwenyewe niliiunga mkono hoja hiyo. Nilibadili rai pale mwanachama wetu mmoja mzee aliposimama na kutukumbusha kwamba mchezo huu unachekesha kwa sababu mnyonge wake anageuka bwana kwa neno moja la yaya, na kwamba waliokuwa wakiteremshwa kutoka majahazi yale hawakupata wa kuwasemea neno kama hilo. Hakuna aliyemjibu. Meli ikabaki Portsmouth, na naamini Jumuiya iliamua sawasawa.

Tafsiri ilianza wakati wa vuli na haikukamilika hadi kaskazi ilipokuwa ikikaribia kwisha. Waliibeba kazi hiyo wanachama watatu: mwalimu wa Kiswahili wa skuli ya sekondari, mtunzi wetu wa mashairi, na baharia mstaafu aliyekuwa akichunga majina ya vitu vya melini yasiharibiwe. Napenda wanachama waelewe ugumu walioupata, kwa sababu humo ndimo ulimokuwa moyo wa mwaka wetu. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na Gilbert alipenda kumaliza mstari kwa neno la namna hiyo ili noti ya mwisho iangukie kwa uzito. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkimwimbisha mtu neno "bahari" na noti nzito ikaangukia "ri", msikilizaji hasikii bahari tena, bali anasikia mgeni anayejifunza lugha. Mtunzi wetu alijaribu mwanzo kuzitia nyimbo zote katika mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita kila mstari, nane kwa nane, kwa vina vya kati na vya mwisho, na zilisomeka vizuri sana. Lakini zilipoimbwa, muziki ulikwenda upande wake na maneno upande wake. Ndipo walipoanza upya. Pale muziki uliporuhusu, noti ya mwisho iligawanywa mbili, nzito na nyepesi. Pale uliposhindikana, mstari mzima ulitungwa tena, vina vya kati vikaachwa na vya mwisho vikabakishwa. Wimbo wa Sir Joseph wa kueleza alivyopanda cheo uliandikwa mara saba, na karatasi zote saba ziko kwa Katibu kwa atakayetaka kuziona.

Ukoo nao ulitushughulisha. Sir Joseph hatembei peke yake. Hufuatana na kundi la dada, binamu na hao ambao Waingereza huwaita kwa neno moja, awe dada wa baba au dada wa mama. Kiswahili hakikubali kuficha jambo hilo. Palikuwa na mjadala wa jioni mbili kama wawe shangazi au mama wadogo, mpaka mwalimu wetu aliposema kuwa katika posa mwenye kauli ni shangazi, nao waliomfuata Sir Joseph wamekuja kwenye posa. Wakawa mashangazi. Siku ya kwanza ya maonyesho, walipoingia kumi kwa pamoja na mikoba yao, wanawake waliokaa mbele walianza kucheka kabla hawajaimba hata neno moja.

Mahali pengine Kapteni anajisifu mbele ya mabaharia wake kwamba hapati kichefuchefu baharini wala hatoi tusi, na wao wanamhoji mpaka anarudi nyuma. Hapo tulitumia neno "asilani". Lilikaa juu ya noti zake kama lililozaliwa pamoja nazo, na hadi leo watoto wa vichochoro vya karibu na Ngome wakitupita huulizana, "Asilani?" na kujibiana, "Asilani!"

Upande wa muziki, hatuna okestra ya Kizungu wala hatukuitafuta. Wapigaji wetu ni watu wa taarab, na vyombo vilikuwa fidla, akodiani, kanuni, udi, besi na dumbaki. Sauti za Sullivan hazikuwapa shida, kwani sehemu kubwa ya nyimbo hizi inalingana na maqamu ya Ajam, yaani mpangilio mmojawapo wa sauti katika muziki wa Kiarabu, ambayo kila mpiga kanuni anaijua tangu mwanzo wa mafunzo yake. Shida ilikuwa kwa waitikiaji. Sisi tumelelewa katika kasida na taarab, ambamo wote huimba sauti moja, na uzuri wa kiitikio ni kule kuungana. Sullivan anataka makundi manne yaimbe sauti nne mbalimbali kwa wakati mmoja, na kila kundi lishike njia yake. Kwa wiki nyingi wanaume wa sauti nzito, kila walipousikia wimbo mtamu unaimbwa na wenzao, waliuacha wao wakaufuata. Mwalimu wa muziki aliwakalisha wakiuelekea ukuta, vidole vya mkono mmoja vikiziba sikio, akawaimbisha peke yao kwa jioni nne mfululizo. Jioni ya tano aliwageuza. Wengi wenu mlikuwapo, na mnakumbuka jinsi chumba kilivyojaa sauti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitoa kabla ya siku ile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote tulizozipata mwaka huu, na nitairejea hapa chini.

Mazoezi yalisimama katika mwezi mtukufu wa Ramadhani na kurejea baada ya Idi. Kwa wanachama wetu wa kike, Kamati ilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya wazazi, na tuliahidi kuwa hakuna atakayerudi nyumbani baada ya saa nne usiku, kuwa mavazi yatakuwa ya stara, na kuwa hakuna kushikana jukwaani. Tuliwaeleza wazazi kwamba Gilbert mwenyewe aliweka masharti ya namna hiyo katika kampuni yake: hakuna mwanamke kuvalishwa vazi la kumtia haya, wala mwanamume kucheza nafasi ya mwanamke. Ralph na Josephine waliimba mapenzi yao wakiwa wameshika ncha mbili za kamba moja ya tanga, na kila mmoja alipoivuta, mwenzake aliisikia. Sidhani kama kukumbatiana kungesema zaidi.

Sitaha na mlingoti vilitengenezwa na fundi wa majahazi kutoka Nungwi, ambaye alikataa kuondoka mpaka mabaharia wetu wote wajue kufunga fundo la kweli. Nguo za mabaharia zilishonwa kwa kitambaa cha marekani, kola zikawa za buluu.

Tulionesha siku tatu mfululizo za mwezi wa Agosti, baada ya sala ya isha, katika ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe. Wanachama wanastahili kuelezwa kilichotokea siku ya kwanza. Mkodishaji wa taa, aliyechukua arbuni yetu tangu Juni, hakutokea, na simu yake ilikuwa imezimwa. Ilipofika saa kumi na moja jioni hatukuwa na taa hata moja. Mwanachama mmoja alikwenda mbio kwa nduguye anayepamba kumbi za harusi, akarudi na magunia mawili ya mikufu ya taa ndogo ndogo, nasi tukazifunga juu ya foromali, ule mti wa kubebea tanga, tukaziteremsha kwenye kamba zote za mlingoti hadi sitahani. Zilipowashwa, ilionekana meli iliyopambwa kwa kumpokea mgeni mkubwa, na kwa kuwa siku ile Sir Joseph anakuja kuikagua, hakuna mtazamaji aliyejua kuwa hatukuipanga hivyo. Nyuso za safu ya nyuma hazikuonekana vizuri, na kwa hilo nawaomba radhi waliosimama huko. Arbuni haijarudishwa. Kosa letu ni kwamba tuliitoa bila ya mkataba wa maandishi, na Kamati imeamua kuwa halitorudiwa.

Siku hiyo viti vingi vilikuwa vitupu, na nilirudi nyumbani na huzuni. Hali kama hiyo iliwapata Gilbert na Sullivan wenyewe mwaka 1878: joto la kiangazi liliwakimbiza watazamaji wa London, na mchezo ulikaribia kufungwa, mpaka Sullivan alipozipeleka nyimbo zake katika matamasha ya ukumbi wa Covent Garden, huko huko London, watu wakazipenda na kurudi. Hatimaye ulioneshwa mara 571. Sisi tuliwapeleka waitikiaji Forodhani siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, wakaimba nyimbo tatu mbele ya wauza vyakula waliokuwa wakipanga meza zao na watoto waliokuwa wakiruka baharini. Usiku ule, na usiku uliofuata, watu walikaa mpaka kwenye ngazi za mawe.

Sasa narejea kwenye sauti nne. Kundi lililojifunza kuimba namna ile halikai bila ya kazi. Wakiachwa hadi mwaka ujao, kila mmoja atarudi kwenye sauti ya mwenzake, na tutaanza tena ukutani. Wapo wanaotaka tuanze mchezo mpya mara moja. Rai ya Kamati ni kuwa tuupeleke kwanza huu tulionao Pemba, Chake Chake na Wete, ambako Jumuiya ina wanachama wanaolipa ada kila mwaka na hawajapata kuona kazi yetu hata mara moja. Gharama kubwa itakuwa nauli ya boti na uchukuzi wa sitaha, ambayo fundi ameikagua na kusema inaweza kufunguliwa vipande sita. Mlingoti kwa sasa umelazwa uani kwa mwanachama mmoja, chini ya turubai, na lazima uondoke pale kabla ya masika.

Hoja ya Pemba itawekwa mbele yenu mara baada ya Mshika Fedha kusoma hesabu. Kabla ya hapo, namuomba kila aliyebaki na vazi alikabidhi kwa Katibu leo hii: kofia nne za mabaharia, kola mbili na mkoba mmoja wa shangazi bado havijarudi.