Mwanangu, Tazama Viota Kabla ya Kushika Panga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kakamega. Nimefurahi kusikia kwamba nyumba mliyohamia hapo Kisumu ina mwembe na ua wa michongoma. Masika ndiyo hayo yanaanza, na najua unataka kufyeka kila mahali kabla nyasi hazijakushinda. Fyeka, lakini ndege nao wanajenga sasa, kwa hivyo tazama kwanza.

Michongoma ni vizuri kuipogoa Januari au Februari, kabla ya masika. Kwa kuwa Machi imeshaingia, simama hatua kumi kutoka kwenye ua asubuhi na mapema, utulie robo saa. Ukiona ndege aitwaye shore anaingia pale pale mara kwa mara na mdudu mdomoni, humo mna makinda. Acha mita moja kila upande, urudi baada ya wiki tatu. Kwingine kata, juu pawe pembamba kuliko chini ili jua lifike kwenye mashina. La sivyo, chini hukauka na kubaki mapengo. Miiba ikusanye kwa reki siku hiyo hiyo, kwa maana hupenya soli ya ndala.

Kiota rahisi kuharibu bila kujua ni cha chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, kwa sababu hufanana na taka zilizonasa tawini. Ni kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, pengine karibu kabisa na veranda: nyasi kavu, vipande vya majani na magome, vyote vimefungwa kwa utando wa buibui. Angalia ubavuni. Ukiona tundu dogo, mara nyingi lenye kijibaraza juu yake, liache tawi hilo. Utando wa buibui wa nje ya nyumba pia usiufagie wote, ndio uzi wake.

Ukikuta viota vya kijani vya kwera, ndege mfumaji, chini ya mti, usiwalaumu watoto. Dume hufuma kiota kwa nyuzi mbichi za nyasi na majani. Majike wakikikataa, kikaanza kukauka, hukibomoa mwenyewe na kuanza kingine.

Maji ya ndege yaweke kwenye karai la kina kifupi, sentimita tatu hadi tano, na jiwe katikati la kusimamia. Liwe mita mbili au tatu kutoka kichakani: paka asipate pa kuotea, na ndege aweze kukimbilia matawini. Mwaga maji kila siku na usugue kwa brashi bila sabuni. Kwenye joto la Kisumu, mbu hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi, na malaria unaijua. Makopo na tairi kuukuu ondoa kabisa.

Majani yaliyo chini ya mwembe usiyachome. Yasukume shinani, ndege watachakura wadudu humo. Mtama ukiwarushia, kiganja kimoja kinatosha, na jioni zoa mabaki yasilete panya. Mahindi yenye ukungu usiwape, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huua ndege pia.

Wasalimie watoto.

Ni mimi,
Mamako