Barua kwa mwanangu Idrisa kabla hajatoa ngozi

Muheza, Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mwanangu Idrisa,

Asalaam alaykum. Huku tu wazima, isipokuwa magoti ya mama yako, na hayo unayajua. Vuli imeanza kwa kusitasita. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Zuhura nimemwambia aipige picha barua hii akutumie ukurasa mmoja mmoja, asisome. Atasoma, lakini nimemwambia.

Nijibu hili kabla hujashuka chini: umeshatoa ile ngozi au hujatoa?

Mdogo wako Mwanaidi ndiye aliyeniambia, usimgombeze. Alidhani najua. Kasema kaka anaondoka Maskati tarehe 28 kwenda kukatwa kipande cha ngozi, kampuni ikihifadhi kwenye baridi, na siku utaalamu na sheria vikiruhusu wakutengeneze upya. Mimi nilikuwa nakamua. Nikamwambia arudie, akarudia.

Jumapili ukaniambia, "Baba, wewe mwenyewe umefanya hayo kwa ng'ombe miaka thelathini." Sikukujibu kwa sababu salio lilikata, si kwa sababu sikuwa na jibu. Nilichofanya mimi ni uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu za dume kwa mrija. Mrija umekaa kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, dume lenyewe limeshakufa zamani kule Usa River, na mimi hapa Muheza napata ndama wake. Kama kuna mtu anajua jinsi mfu anavyoendelea kuzaa, ni mimi. Lakini sijapata kumwona mfugaji akimtazama ndama akasema dume limerudi. Husema ndama wa fulani, basi, akaenda kutafuta majani.

Kloni, yaani kiumbe anayetengenezwa kwa seli ya mwingine awe nakala yake, ni jambo jingine, na usidhani sijalisoma. Yule kondoo Dolly wa taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh, alizaliwa tarehe 5 Julai 1996. Walichukua seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita, wakachukua yai la kondoo mwingine wakaling'oa kiini, wakaviunganisha kwa umeme. Mara 277. Wakapata viinitete 29, wakavipandikiza kwa kondoo 13, akazaliwa mmoja. Februari 2003 wakamchoma sindano ya kumpumzisha, mapafu yameharibika, na miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua kabla ya hapo. Hapa sitakudanganya: ugonjwa ule wa mapafu ulikuwa wa virusi, huwapata hata kondoo wa kawaida, na kloni wenzake wanne wa seli zilezile waliofugwa Nottingham walipimwa wakiwa na miaka saba mpaka tisa wakakutwa wazima. Kwa hiyo hoja kwamba kloni huzaliwa mzee nimeiacha. Najua ungeikamata hapohapo.

Na hapo Nairobi, ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pamoja na haohao wa Roslin walipata dume la Boran kwa njia hiyo, wakaliita Tumaini, katika utafiti wa kutafuta ng'ombe wasiouawa na nagana, ule ugonjwa wa mbung'o. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Nimeona mizoga mingi mno iliyoachwa na mbung'o.

Lakini wewe si ng'ombe. Mwaka 2018 wataalamu wa Shanghai walitangaza kima wawili, Zhong Zhong na Hua Hua, dunia ikashangilia. Soma mpaka ndani, Idrisa, ndiyo maana tulikusomesha. Wale wawili walitokana na seli za kijusi. Walipojaribu kwa seli za kima aliyekwisha kukua, kama hiyo ngozi yako, walipandikiza majike 42, mimba zikashika 22, wakazaliwa wawili, na wote wawili wakafa upesi.

Mimi daftari la mimba nimelijaza maisha yangu yote ya kazi. Najua jike aliyetupa mimba anavyosimama zizini. Sasa pale palipo na majike 42 weka wanawake. Wa wapi? Watoto wa nani hao watakaokodiwa matumbo? Na mayai yatatoka kwa nani? Yule profesa wa Korea Kusini, Hwang Woo-suk, aliyedai amepata seli kutoka kwenye viinitete vya binadamu alivyovikloni, makala zake zilifutwa mwaka 2006 ilipobainika ameghushi, na mayai mengine yalikuwa ya wanawake waliofanya kazi chini yake kwenye maabara. Unadhani walikuwa na nafasi ya kumkatalia mkubwa wao? Una dada wewe. Na hakuna mpaka leo mtu hata mmoja aliyethibitishwa kuzaliwa hivyo. Mwishoni mwa 2002 walijitokeza waliosema wanaye mtoto kloni. Hawakumwonyesha mtoto, hawakuonyesha kipimo.

Kwa hiyo hiyo kampuni inakuuzia nini? Umesaini karatasi gani? Umeshatoa au hujatoa?

Umenionya nisikuletee fatwa. Sikuletei. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi walikaa Jeddah mwaka 1997 wakaharamisha kumkloni binadamu, ukitaka utawatafuta mwenyewe. Mimi nina swali la mirathi tu. Huyo atakayezaliwa ni nani wako? Mtoto wako hawezi kuwa, maana mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Huyu amechukua vyote kwako. Ni pacha wako aliyechelewa. Na baba wa pacha wako ni nani? Ni mimi. Mama yake ni mama yako, ana miaka sabini na moja na hayo magoti. Umemzalisha mama yako bila hata kumpigia simu.

Cheka, lakini mwanasheria wako wa Maskati muulize aniandikie jibu.

Na wewe mwenyewe utakuwa wapi? Umeniambia "nitaishi tena." Nani ataishi? Seli haibebi kumbukumbu. Huyo mtoto hatajua Yasini uliyohifadhi kwa Maalim, hatajua ile ya Pangani, ambayo sina haja ya kukukumbusha. Hata sura huna uhakika nayo. Kule Texas mwaka 2001 walimkloni paka wa rangi tatu, akazaliwa mwenye mistari na weupe, ile rangi ya chungwa hana kabisa. Wewe utakuwa kaburini na yeye atakuwa analia njaa, watu wawili, kila mmoja na hesabu yake kwa Mola wake. Sasa hapo umeongeza nini?

Mwanaidi anasema huenda unafikiria figo, kwa vile daktari amekuambia presha imeanza kuzigusa. Kama ni hilo ndiyo baya zaidi. Utamlea mtu mpaka figo zake zikue, halafu siku hiyo umwambie nini? Mimi nimefuga dume la kuchinja. Halipewi jina, na watoto unawakataza wasilizoee. Unakumbuka mlivyolia. Wanaotafuta tiba ya kweli wana njia nyingine: mwaka 2006 mtaalamu Yamanaka wa Kyoto, Japani, alionyesha kwamba seli ya kawaida yaweza kurudishwa utotoni bila kutengeneza kiinitete chochote. Figo nzima haijatoka huko, najua, lakini angalau hakuna mtu anayezaliwa ili akatwe. Wewe meza vidonge. Mwanaidi anasema unavisahau. Mtu anayesahau kidonge cha asubuhi anataka kuishi mara mbili! Na hao ng'onda unaoagiza kila mtu akija huko, acha. Chumvi ile peke yake inatosha kukumaliza.

Na ungeoa tena. Basi, sisemi tena. Mama yako kanikataza kuliandika hilo.

Usidhani sijui ulichotufanyia. Bati la nyumba hii ni lako, ada ya Mwanaidi ilikuwa yako, na ninapokwenda msikitini huulizwa habari zako kabla ya zangu. Najivunia. Ndiyo maana nimeudhika kuisikia habari hii kwa mdogo wako.

Sasa kuna jambo la jina, nalo nilitaka kulipita lakini limekuja.

Unajua jina lako lilikuwa la mwingine kwanza. Lile kaburi dogo chini ya mkwaju umelifyeka mwenyewe kila Shaabani. Surua ilimchukua mwaka 1983, wewe ukaja Januari 1984, mama yako akasema jina lisipotee, nikaridhia. Kurithisha jina si kosa, nusu ya mtaa huu ina majina ya marehemu. Ila kuna cheti. Kwenda Tanga kuandikisha cha pili ilikuwa nauli na siku mbili za kazi, na kile cha kwanza kilikuwa kabatini, jina lilelile, baba yuleyule, mama yuleyule. Nikakitumia hicho. Kwa hiyo ile Machi 1981 iliyo kwenye pasipoti si yako.

Mwaka 1990 ulipoanza darasa la kwanza karatasi ilisema una karibu tisa. Ulikuwa na sita tu. Mwalimu akasema mtoto huyu mdogo mno, mimi nikamwonyesha cheti. Kisha kila mwisho wa muhula nikawa nakuuliza kwa fimbo kwa nini wenzako wanakupita. Mama yako alitaka kukwambia ulipooa, mimi nikamzuia. Basi ndiyo hivyo.

Usikimbilie ubalozini kubadilisha kitu, itakuvurugia kibali cha kazi. Tuzungumze kwanza. Ila daktari mwambie una 41, si 44, maana huenda vipimo vyake anavipima kwa umri wa mtu mwingine. Karibu miaka mitatu hiyo nimekaa nayo mimi. Ni yako, na haihitaji kukatwa ngozi.

Naandika haya kwa sababu huyo unayetaka kumtengeneza najua atakavyotazamwa. Atavaa viatu, watu watasema Idrisa hakuvivaa hivi. Atakosa hesabu, watasema Idrisa alizijua. Wewe ulivaa vile viatu. Na mara nyingine nilipokuita wewe, sikuwa nakuita wewe. Unaweza kumuuliza mama yako, yeye alikuwa akilisikia kabla yangu.

Hayo yametosha.

Yule mtamba mwekundu anatarajiwa kuzaa wiki ya kwanza ya Desemba. Nimetumia mrija wa dume la Jersey, ndama wake huwa wadogo, kwa sababu nyonga za mtamba ni ndogo, sitaki kuvuta ndama kwa kamba usiku na mgongo huu. Tanki la maji limepasuka pembeni, fundi anataka laki mbili. Usitume. Amezidisha, nimemwita mwingine wa Mkanyageni aje aone. Ukituma yule wa kwanza atajua tu, sijui huwa anajuaje. Mifereji ya bati upande wa jikoni imeziba majani, Zuhura amepanda juu mara moja, nimemkataza asirudie. Dawa za magoti ulizomkabidhi yule mtu wa Tanga hazijafika mpaka leo, na simu yake haipokelewi. Kama ulimlipa, mdai. Mashina manne ya michungwa yamekauka upande wa barabarani, nadhani ni mchwa, nitayang'oa nipande mgomba.

Jumatano mchana nitakuwa na simu, bando analo Zuhura. Usianze na salamu ndefu. Sema tu umetoa au hujatoa. Kama hujatoa, tiketi ya tarehe 28 badilisha uje huku, mtamba atakuwa anakaribia na mimi nahitaji mtu wa kushika taa. Kama umetoa, waulize wanaitupaje, nani anashuhudia, na ile karatasi uliyosaini ipige picha kurasa zote, hata zile zenye maandishi madogo. Zuhura atanisomea.

Baba yako.

Mama yako habari ya ngozi sijamwambia. Ya cheti nilimwambia leo alfajiri kwamba nakuandikia. Alinyamaza, akachukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe, na magoti yale.