Mshahara si kosa, ila tuonyeshwe nani aliupitisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala uliopamba moto hapa Kigoma Mjini, kuanzia soko la Mwanga hadi mwalo wa Kibirizi, kuhusu mwanasiasa kulipwa mshahara na shirika lisilo la kiserikali alilolianzisha mwenyewe, na tuhuma kwamba fedha za wafadhili zimekwenda kusikokusudiwa. Sitamtaja mtu, kwa kuwa hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Wapo wanaosema kuwa kiongozi wa shirika la hisani hastahili kulipwa hata senti. Hoja hiyo siikubali. Mkoa huu umeishi na mashirika kwa miaka mingi, hasa tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, na sote tunajua kwamba meneja mradi, mhasibu na dereva hulipwa, wala hatuwaiti wezi. Mshahara hauna ubaya endapo umepangwa na bodi ambayo mlipwaji hakuiteua akiwa sebuleni kwake, umo katika bajeti aliyoiridhia mfadhili, na umekatwa kodi.

Nilipokuwa mhasibu, mishahara haikunisumbua kamwe, kwa sababu ilionekana vitabuni. Kilichoninyima usingizi ni masurufu, yaani fedha za kazi zilizotolewa mapema, yasiyorejeshwa, pamoja na orodha za posho za semina ambazo majina yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, yalitiwa saini kwa kalamu moja na mwandiko uleule uliolalia kushoto. Fedha za aina hiyo hazina mwenyewe, na msimu wa kampeni ukifika ni rahisi mno kuzigeuza fulana, khanga na mafuta ya magari. Ndiyo maana mwanasiasa mwenye shirika lazima akaguliwe kwa ukali kuliko mtu mwingine.

Wasomaji wanaodhani kuwa haya ni maradhi yetu peke yetu wamtazame Corrine Brown, aliyekuwa mbunge wa Florida nchini Marekani. Shirika alilolipigia debe lilikusanya zaidi ya dola 800,000 kwa jina la kusomesha watoto, lakini ufadhili wa masomo uliotolewa ulifikia dola 1,200 tu. Mwaka 2017 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ilibatilisha hukumu hiyo kwa kasoro ya uendeshaji wa kesi, naye mwaka 2022 akakiri kosa la kodi. Waendesha mashtaka walifuata mkondo wa fedha benki, si maneno ya mitaani, na hata hivyo safari ilikuwa ndefu.

Kwetu sisi, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inalitaka kila shirika kuandaa taarifa ya mwaka yenye hesabu zilizokaguliwa na kuiweka wazi kwa umma. Mbunge naye hujaza tamko la mali na madeni chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Kwa hiyo kuomba hesabu si uadui wala si siasa za vyama, kama wapambe wanavyotaka tuamini.

Wanaotuhumu nao wana deni. "Lisemwalo lipo" si ushahidi, na picha ya hati ya malipo inayozungushwa kwenye WhatsApp huku tarehe na namba vimekatwa haimsaidii mtu yeyote, isipokuwa mtuhumiwa mwenyewe. Aliye na nakala kamili aipeleke TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Bodi ya shirika, kwa upande wake, itoe muhtasari wa kikao kilichopitisha mshahara huo, ukionyesha waliohudhuria, na kama mlipwaji alitoka nje wakati malipo yake yakijadiliwa.

Mhasibu mstaafu,
Ujiji, Kigoma