Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Rubondo Ilikuwa na Watu

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Nakuandikia kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Chato, kando ya Ziwa Victoria. Asubuhi isiyo na ukungu, Kisiwa cha Rubondo tunakiona tukiwa uani. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa kule. Sasa macho yamemwishia, lakini ukimuuliza Rubondo iko upande gani, ananyoosha mkono bila kusita na wala hakosei.

Uani petu kuna jiwe la kusagia alilokuja nalo siku walipohamishwa. Vyungu aliviacha, kuku aligawa, shamba la migomba lilibaki na mikungu yake. Jiwe akalipakia mtumbwini pamoja na mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Limelika katikati hata ukimimina maji yanatuama kama kwenye bakuli. Limeliwa na mikono ya bibi, na ya mama yake kabla yake. Watoto wa nyumbani wakipanda juu yake huwa anawakemea kwa Kizinza, lugha ambayo wengi wao hawaielewi tena.

Mheshimiwa, ombi langu ni moja. Familia zenye asili ya Rubondo ziruhusiwe kwenda kuonyesha mahame na makaburi ya wazee wao, na Serikali iyaandike rasmi, wakati waliozaliwa kule bado wapo. Hatudai ardhi, hatuombi kurudi kuvua wala kulima. Hifadhi ni ya Watanzania wote nasi tunajivunia. Kama pwani yetu ingekuwa haina Rubondo, sijui samaki wangezalia wapi.

Historia ya kisiwa unaifahamu, lakini niruhusu niieleze kama tunavyoielewa sisi wa huku. Mwaka 1965 Rubondo ilifanywa pori la akiba, na mwaka 1977 ikawa Hifadhi ya Taifa. Leo hifadhi ina kilomita za mraba zipatazo 457 ukihesabu na maji yake, kisiwa kikubwa pamoja na vile vidogo vinavyokizunguka. Wazinza waliokuwa wakiishi humo, wavuvi na wakulima wa migomba, walihamishiwa visiwa vya jirani na huku bara. Ndiyo maana ukifika Maisome, au ukishuka Nkome au Kasenda, hukosi mtu wa kukwambia kwamba kwao ni Rubondo, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga.

Miaka hiyohiyo watu wakitolewa, wanyama walikuwa wanaingizwa. Kati ya 1966 na 1969 Shirika la Zoolojia la Frankfurt, chini ya Profesa Bernhard Grzimek, lilileta sokwe 17 kutoka Ulaya, waliokuwa wamefugwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Waliletwa pia mbega, twiga, tembo, paa, korongo (wale swala wakubwa, si ndege) na faru. Faru na korongo hawakudumu. Sokwe wakazaliana, na leo vitukuu vyao ndio wanaowavuta wageni. Wenyeji halisi wa kisiwa, nzohe (swala wa kwenye matete) na pongo, viboko na mamba, hao waliwakuta na bado wapo.

Sina ugomvi na sokwe. Walitolewa vizimbani wakapewa msitu, na anayewaonea wivu kwa hilo hana utu. Ila nikisoma habari za Rubondo naona sokwe wamehesabiwa, mwaka wao wa kufika umeandikwa, na hata safari yao imesimuliwa. Za watu nazipata kwa sentensi moja tu, kwamba walikuwepo wavuvi na walihamishwa. Majina yao sijayaona popote. Halafu mgeni anaambiwa amefika kwenye msitu ambao haujaguswa na mkono wa mtu. Hapo ndipo moyo huniuma, Mheshimiwa, kwa sababu mkono ulioligusa jiwe lile pale uani ninaujua.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, nilimwomba bibi anielekeze kijiji chao kilikuwaje. Akaagiza mkeka na kikombe cha mahindi. Akapapasa ukingo wa mkeka, akasema huu ndio ufuko. Kisha akaanza kuweka punje. Hapa mitumbwi ilipofungwa. Hapa kwa kaka yake mkubwa. Hapa palikuwa na mtu mmoja aliyejua kusuka migono ya samaki kuliko wote, watu walimfuata kutoka visiwa vingine. Punje mbili pamoja maana yake mke wa kwanza na wa pili. Alipofika kwenye makaburi aliacha kutumia mahindi, akaomba aletewe kokoto. Tulikaa hapo hadi adhuhuri. Nilihesabu kaya 23 na kokoto 11. Kokoto ya mwisho aliishika muda mrefu kabla ya kuiweka. Ni ya mtoto wake wa kwanza, aliyezikwa nyuma ya nyumba chini ya mgomba, kabla mama yangu hajazaliwa.

Nilichora yote kwenye daftari. Tangu hapo nimekwenda kwa wazee wengine wanne, wawili wa kijijini kwetu na wawili wa ng'ambo, nao wameniongezea. Wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Mmoja alikuwa amenieleza namna baba yake alivyoshona mbao za mtumbwi kwa kamba bila msumari hata mmoja, na namna ya kuziba tundu maji yasipite. Nilipanga nirudi nikamrekodi vizuri zaidi. Nilirudi msibani.

Familia nyingine zinahifadhi kwa namna zao. Wapo wanaowapa watoto majina ya waliozikwa kisiwani ili yasipotee. Wapo ambao kila mwaka, baada ya mavuno, hukusanyika ufukoni, mkubwa wao akasimama akiwa ameelekea Rubondo na kutaja ukoo kuanzia aliye mbali kabisa. Wazee wa upande huu wa ziwa, Wahaya na Wazinza, walimtambua Mugasha kuwa ndiye mwenye ziwa na dhoruba zake, na hakuna aliyevuka bila kumkumbuka. Sisi wajukuu wengi ni Wakristo na Waislamu, lakini habari hizi ni urithi. Zikisimuliwa kwa heshima hazimharibii mtu dini yake.

Mheshimiwa Waziri, nakuandikia wewe na si mwingine kwa sababu hifadhi za taifa na mambo ya kale vyote viko chini ya wizara yako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yaliyojengwa na mkono wa binadamu, makaburi yakiwemo, kabla ya mwaka 1863. Makaburi ya watoto wa bibi yangu hayafiki umri huo. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali pawe kumbukumbu hata kama si pa kale kiasi hicho. Funguo zote mbili ziko mkononi mwako. Hatuhitaji Bunge likae, wala mipaka ya hifadhi isogezwe hata hatua moja.

Wala hatutakuwa wa kwanza duniani. Kule Marekani, katikati ya Ziwa Superior, kuna kisiwa kinaitwa Isle Royale. Kilikuwa na familia za wavuvi, wengi wao wakiwa na asili ya Skandinavia, na kabla yao Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, wanaokiita Minong. Kilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1940, baadhi ya familia ziliachiwa nyumba zao kwa muda wa maisha ya wenyewe. Mwaka 1976 karibu ardhi yake yote ikatangazwa kuwa nyika isiyoruhusiwa kuendelezwa. Hata hivyo, vizazi vya wavuvi wale vimeendelea kwenda kutunza vibanda vya nyavu na gati za babu zao, na kituo kimoja cha uvuvi kimeachwa kama kilivyokuwa ili wageni waone kazi ilivyofanyika. Mwaka 2019 Minong iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, kwa ajili ya urithi wa Waojibwe. Mbwa mwitu wa kisiwa kile hawajadhurika kwa sababu mtu amefagia mlango wa nyumba ya babu yake.

Kwetu yanayohitajika ni machache kuliko hayo. Kiingilio tunaweza kuchangishana. Kinachotushinda ni boti, na zaidi ya boti ni kwamba njia wanazopitishwa watalii haziendi kwenye mahame, na porini hatuwezi kuingia bila askari wa hifadhi, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Tunaomba siku tatu za mwanzo, boti moja, askari wawili, na mtaalamu wa mambo ya kale mwenye kifaa cha kuchukua vipimo vya mahali. Wazee wataonyesha. Mahali ambapo msitu umefunika kila kitu bado kutakuwa na mafiga, vigae vya vyungu, au mawe yaliyopangwa na mtu. Yakishaandikwa, pawekwe kibao pale Kageye, makao makuu ya hifadhi, kinachotaja kwamba hapa waliishi watu, na koo zao. Vijana wetu wanaoongoza wageni wafundishwe kuyasimulia. Baada ya hapo, siku moja kila mwaka ya kwenda kufagia makaburi ingetutosha.

Haraka yangu si ya jeuri. Mtu aliyehama Rubondo akiwa na akili za kutosha kukumbuka kaburi lilipo, leo ana zaidi ya miaka sitini na mitano, na wale wanaokumbuka kijiji kizima wamevuka themanini. Daftari langu ninalo, na nakala yake nitaileta Dodoma mwenyewe ukiniita, bila gharama yoyote kwa wizara.

Nilimsomea bibi barua hii jana jioni, nikimtafsiria pale Kiswahili kilipomzidi. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama boti hiyo itakuwa na mahali pa kuegemea, maana mgongo haumruhusu tena kukaa kwenye ubao wa mtumbwi, na kama ataruhusiwa kushuka na kokoto yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu wa Rubondo,
Chato, Geita