Kwenu vijana mnaosoma ontolojia ya jamii, yaani falsafa inayouliza mambo ya kijamii yapo kwa namna gani

Wanangu,

Insha zenu nimezisoma zote. Ila jambo moja limenikaa rohoni. Kila mnapoulizwa cheo, sheria au kikundi kipo kwa namna gani, jibu ni lile lile: watu wamekubaliana. Karatasi ni pesa kwa sababu tunaikubali kuwa pesa. Mwanafalsafa Mmarekani John Searle aliijenga hoja hiyo vizuri mwaka 1995, na wala sisemi amekosea. Tatizo ni kwamba mnaandika kana kwamba jamii ni kikao cha vichwa visivyo na viwiliwili.

Miaka kadhaa baada ya kustaafu nilikutana njiani na bosi wangu wa zamani. Hana mamlaka yoyote juu yangu. Lakini kabla sijawaza lolote, mikono ilishatoka mfukoni, mgongo umeinama, sauti imeshuka. Mkataba ulikwisha zamani. Mabega yangu hayakupata taarifa. (Mke wangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.) Basi niambieni, cheo kile kilikuwa kimekaa wapi?

Gerda Walther, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1923 alitoa mfano wa vibarua wa ujenzi wasiojuana hata lugha. Huyu analeta matofali, yule anayapanga, ukuta unapanda. Lengo ni moja, kila mmoja anajua mwenzake anafanya nini, na bado hawajawa jumuiya, kwa kuwa haipo ile hisia ya ndani ya kuwa pamoja. Mimi namkubali, japo najua baadhi yenu mtabisha.

Wala msidhani hisia huunganisha tu. Frantz Fanon, daktari wa akili na mwandishi mweusi kutoka Martinique, mwaka 1952 alieleza jinsi mtoto mweupe alivyomwona yeye Fanon, akamwambia mama yake kwamba anaogopa. Na Fanon akauona mwili wake mwenyewe ukimrudia umevurugika, kama si wake. Hapo hapakuwa na kikao wala makubaliano. Palikuwa na woga wa mtoto na ngozi ya mtu mzima, na rangi ikawa jambo la kijamii papo hapo.

Insha ijayo, kanuni ziwekeni kando kwanza. Mtazameni mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa ofisi ulio wazi kabisa. Niandikieni anavua nini, anasimama wapi, anameza mate mara ngapi. Nadharia mtaniletea baadaye.

Mzee wenu